Mwaka Riba Ilipoamka

Higashi-Osaka, Februari 6, 2025

Kwako Tadaoki, mdogo wangu uliyeko Tokyo,

Salamu za majira ya baridi zichukue kana kwamba nimeziandika, maana nina jambo na haliwezi kungoja salamu. Riba imeamka.

Najua unajua. Lakini wewe unajua kama mtu anayeisoma mvua gazetini, mimi nimelowa. Jana afisa wa benki alikuja na kalenda aliyosahau kuleta mwaka mpya. Akakaa ukingoni mwa kiti, akasema, "Mama Mkurugenzi, benki kuu imefika nusu asilimia, na sisi, samahani sana, itabidi tusogeze kidogo riba ya mikopo yako." Ana miaka ishirini na sita. Tangu azaliwe hajawahi kuona riba ikitembea, akawa anatetemeka kama anayetangaza msiba. Nikacheka mpaka karani akachungulia mlangoni. Miaka thelathini fedha imelala kama paka juu ya jiko, leo na kesho bei moja. Sasa kesho ina bei yake tena. Biashara mimi nilijifunza enzi kesho ina bei, Tadaoki. Nina miaka sabini na moja na jana usingizi ulinipaa kama msichana aliyetumiwa posa.

Naandika barua kwa sababu simu siisikii tena, mashine za kugonga zimeyala masikio yote mawili, la kulia kwanza. Faksi ipo, ila karani anazisoma kwa sauti, na kiwanda kizima kinajua natumia dawa gani ya tumbo.

Mambo ni haya. Kiwanda cha zamani, kile cha kando ya reli, nilikiuza Oktoba kwa yeni milioni mia nne. Wanajenga maghorofa. Nimenunua ardhi kule Yao kwa milioni mia tatu na ishirini, banda limeshasimama, tunahamia Machi. Na mzee Nukada, aliyetushikia mambo ya kodi tangu enzi za marehemu mume wangu, amefariki mwaka mpya ukiwa na siku tatu. Hesabu zetu zinafungwa Machi, ritani ya kodi lazima iwe imefika mwisho wa Mei, na sina mtu. Nina mdogo wangu tu, niliyemlipia chuo kikuu kwa skrubu, moja baada ya nyingine, na ambaye tangu aingie ofisi kubwa ya wahasibu anaongea kama msoma taarifa ya habari. Basi rudisha kidogo.

Fedha iliyobaki baada ya banda, pamoja na akiba yetu, inatosha jambo moja kati ya mawili: kulipa kodi yote ya mauzo hayo, au kununua mashine. Mashine yenyewe ni ya kufyatua skrubu za titani, zile madaktari wanazofungia mifupa iliyovunjika. Milioni sabini na nane. Kampuni ya vifaa vya hospitali imesema itaanza kuchukua mzigo vuli hii nikiwa na mashine hiyo. Nisipokuwa nayo watakwenda kwa mwingine, na mimi na watu wangu kumi na wanane tutabaki na skrubu za mashine za kufulia, ambazo kila mwaka bei yake inashuka na kila mwaka mnunuzi anatuomba tushushe tena huku ameinamisha kichwa. Nishiwaki, muuzaji wa mashine, ameniwekea mpaka mwisho wa Mei.

Mzee Nukada alikuwa na msemo: lipa ulale. Nami naona nilipe kodi, nikakope ya mashine. Unasemaje?

Jana hiyohiyo alipita mtu wa bima na makaratasi yake. Nikamwambia, "Nitalifikiria." Akamaliza chai, akashukuru, akaondoka, na hatarudi. Huyo ni mtu wa Osaka, kalelewa. Wa huko kwenu angerudi Jumatatu na kalamu.

Dada yako,
Fusae


Tokyo, Februari 15, 2025

Dada Fusae,

Wakati huu maua ya plamu yanapoanza kufunguka licha ya baridi, ni matumaini yangu kwamba wewe na wafanyakazi wako wote mko katika afya njema. Kifo cha mzee Nukada kimenisikitisha. Ritani nitaifanya mimi.

Usilipe bado, Dada. Sheria inaruhusu kampuni iliyouza kiwanda na kununua kingine isitoe mara moja kodi ya sehemu kubwa ya faida yake. Sisi wa kazi hii tunaita kubana. Faida inabanwa ndani ya bei ya mali mpya. Ardhi yako ya Yao umeinunua kwa milioni mia tatu na ishirini, vitabuni tunaiandika kana kwamba umeinunua kwa themanini. Tofauti yake, milioni mia mbili na arobaini, ndiyo faida iliyobanwa, na kodi yake, theluthi moja, ni milioni themanini. Kodi hiyo haijasamehewa, wala haijafichwa, serikali inajua iko wapi. Imelala ndani ya ardhi mpaka siku utakayoiuza. Sehemu ya faida isiyobanika utailipia Mei kama kawaida, hiyo nimeshaitoa kwenye hesabu.

Mzee Nukada alikuwa sahihi kwa zama zake. Riba ikiwa karibu na sifuri, anayelipa leo na anayelipa kesho wamelipa sawasawa, basi afadhali ulipe ulale. Leo mkopo wa mashine utakugharimu asilimia mbili. Ukilipa kodi kisha ukope milioni themanini, kila mwaka unaipa benki milioni moja na laki sita. Ukibana, ni kama serikali imekukopesha themanini hizo bila riba, na mashine unainunua kwa fedha yako.

Sikufichi hatari yake. Anayeahirisha kodi amecheza na viwango viwili, riba ya leo na kodi ya kesho. Nyongeza ya kodi ya makampuni inakuja mwakani, na hakuna ajuaye kama itakuwa ya mwisho. Ukiuza ardhi siku kiwango kimepanda, utalipa zaidi ya ambavyo ungelipa sasa. Tena uamuzi wenyewe haurudi nyuma. Ritani ikiingia bila kubana, imeingia.

Tafadhali fikiria vizuri, wala usijiharakishe.

Kwa heshima,
Tadaoki


Higashi-Osaka, Februari 24, 2025

Tadaoki,

Maua ya plamu. Mimi niliyekubadilisha nepi.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na kikokotoo, na hesabu zako hazina kosa. Nimegeuza karatasi nikatafuta nembo ya ofisi, sikuiona. Kumbe na huko mmeanza kubana.

Lakini ngoja nikukumbushe kitu, kwa kuwa mwaka ule ulikuja kwenye mazishi nusu siku ukawahi treni. Mume wangu Shunji aliishi kwa kesho. Hati za kulipa baada ya miezi mitatu, mkopo wa kulipia mkopo, na kila nikimuuliza, "Hii tunailipa na nini?" ananijibu, "Kesho ipo, mke wangu." Mwaka 1990 riba ya mkopo wake ilifika asilimia nane. Kesho ilipofika haikuja peke yake, ilikuja na ndugu zake. Moyo wa Shunji ukasimama, wenye deni wakaja na lori kuchukua mashine. Tulikuwa nazo tano. Nne walizibeba. Ya tano walinikuta nimeikalia.

Afisa wao akasema, "Mama, inuka."

Nikamwambia, "Hii inavuja mafuta, baba. Angalia suruali yako nzuri."

Akasema, "Mama, nimetumwa."

Nikamwambia, "Na mimi nimekaa."

Akaitazama, akaitazama suruali yake, akaandika kwamba ni chuma chakavu. Kampuni hii yote imetoka kwenye chuma chakavu kile. Bado kinavuja.

Kwa hiyo ukiniambia kodi imelala ndani ya ardhi, mimi namwona mgeni amelala sebuleni kwangu. Siku moja ataamka, na atauliza chakula.

Nakushukuru kwa kazi yako, umeieleza kwa unyofu. Hilo pendekezo nitalifikiria.

Fusae


Tokyo, Machi 4, 2025

Dada Fusae,

Barua yako imenifurahisha kuliko nilivyotarajia. Kisa cha mashine ya tano sikukijua chote. Kusema kweli, nilipofika katikati ya barua niliamini kwamba unanikatalia. Kisha nikasoma mstari wa mwisho nikashusha pumzi.

Lifikirie kwa nafasi yako. Nimeandaa ritani mbili, moja imebana, moja haikubana. Utakayochagua ndiyo itakwenda.

Ili usisumbuliwe katika siku hizi za kuhama, na kwa kuwa simu ni taabu kwako, nimempigia mwenyewe Bwana Nishiwaki wa mashine. Nimemwambia, "Dada yangu bado analifikiria." Ni mtu muungwana sana. Akasema, "Ah, analifikiria. Nimeelewa kabisa. Nashukuru umeniambia mapema." Sikutegemea muuzaji awe na subira kiasi hicho.

Kwa heshima,
Tadaoki


Yao, Aprili 20, 2025

Tadaoki,

Chukua kalamu. Tumehama, mgongo umekatika, nina furaha, na nimebadili mawazo.

Barua yako ya Machi iko ndani ya boksi mojawapo kati ya maboksi arobaini. Sikuifungua. Nilikuwa nimeshakukatalia, nikajua unakuja kunibembeleza kwa maua ya msimu mwingine. Nisamehe, nitaisoma nikiipata.

Sasa sikiliza. Mwanzoni mwa mwezi huu masoko ya dunia yalipotikisika, yule afisa wa benki alikuja mbio, koti mkononi. "Mama Mkurugenzi, huenda riba ikalala tena." Nikamlisha takoyaki, vitumbua vya pweza, akaenda zake. Baada ya siku chache huyo tena. "Mama Mkurugenzi, samahani sana, inaonekana haikulala." Nikamuuliza, "Mwanangu, wewe unajua itakwenda wapi?" Akaangalia viatu vyake. Akasema, "Makao makuu wanajua." Nikamuuliza kama makao makuu waliwahi kujua. Akaomba takoyaki nyingine.

Hapo ndipo akili iliponifunguka. Nimepoteza majira mawili nikijiuliza riba itakwenda wapi, swali ambalo hata wanaoiendesha hawana jibu lake. Swali la mfanyabiashara ni jingine: lazima nikosee kiasi gani ndipo nijute?

Nikakaa juu ya mashine ya tano, ndiyo kiti pekee kilichokuwa kimeshushwa, nikapiga hesabu nyuma ya risiti ya lori. Tuseme kodi ya kesho inapanda pointi mbili nzima. Pointi mbili za milioni mia mbili na arobaini ni milioni nne na laki nane. Hiyo ndiyo bei ya hofu yangu. Na kila mwaka ninaongoja, nimeokoa milioni moja na laki sita ya riba. Miaka mitatu, Tadaoki. Hofu yote imelipwa ndani ya miaka mitatu. Riba ikishuka nusu, miaka sita. Ikipanda, hata mitatu haifiki. Na mimi ardhi hii siiuzi, ni jirani na kaburi la Shunji na kuna duka la tofu nzuri ya maharage ya soya. Mpaka huyo mgeni wa sebuleni aamke, mimi nitakuwa nimeshalala.

Jambo la pili lilinichukua muda zaidi, maana halikuwa la kikokotoo. Nilikuwa nakuona wewe na Shunji ni mtu mmoja, watu wa kesho. Sivyo. Kesho ya Shunji ilikuwa inakula. Kila usiku ilikula asilimia nane, sisi tukalala nayo chumba kimoja. Kesho hii yako haili. Imelala tu, haina hata mkoromo. Deni linalokula na deni lisilokula si ukoo mmoja, na mimi nimeyachukia yote mawili miaka thelathini na mitano kwa sababu ya lile moja.

Kwa hiyo bana. Bana yote ndani ya ardhi. Usinibanie hata yeni moja ndani ya mashine, maana mashine inachakaa, na kadiri inavyochakaa kodi itarudi kila mwaka kubisha hodi. Ardhi haichakai.

Kesho asubuhi nakwenda kwa Nishiwaki kutia sahihi. Nimepiga pasi koti la buluu.

Dada yako mwenye njaa ya kazi,
Fusae


Kwa faksi. Yao, Aprili 21, 2025

Tadaoki,

Karani asome kwa sauti akitaka, wote wasikie.

Nimefika kwa Nishiwaki saa tatu. Kaniona, kainuka, kanisogezea kiti kama mjane mpya. "Karibu, Mama Inui. Nilikuwa nakuhurumia kweli, mashine nzuri ile."

Nikasema, "Unanihurumia nini, nimekuja kutia sahihi."

Akaweka birika chini. "Sahihi ya nini?"

"Ya mashine. Ulidhani ya ndoa?"

"Mama," akasema, "mbona ndugu yako alinipigia mwezi wa tatu? Aliniambia unalifikiria."

Nilielewa kabla hajafunga mdomo. Nikamwambia, "Yule anaishi Tokyo."

Nishiwaki akakaa. Akajishika paji la uso. "Ooh," akasema. "Alisema Kitokyo."

Mashine imeandikwa jina la Ubukata, yule wa skrubu kule Sakai. Bado hajalipa, anangoja mkopo, lakini jina ni lake na Nishiwaki hawezi kulifuta bila sababu, ana heshima ya kulinda. Nyingine kama hiyo itatoka kiwandani majira ya kiangazi ya mwakani. Watu wa hospitali wanataka skrubu vuli hii.

Tadaoki, hapa kwetu hatumwambii mtu hapana usoni. Tunasema nitalifikiria, anaelewa, anakunywa chai, kila mtu anakwenda na heshima yake. Neno hilo ulilinyonya pamoja na maziwa. Mama alimwambia mwenye nyumba. Alimwambia yule mchumba wako wa kwanza, wewe ukiwa umekaa hapohapo na machozi. Mimi nakuandikia kwa mkono wangu nitalifikiria, na wewe unashusha pumzi?

Boksi nimelipata. Nimeisoma ya Machi. Muuzaji mwenye subira, eti.

Fusae


Kwa faksi. Tokyo, Aprili 22, 2025

Dada,

Leo sina maua.

Barua ya tarehe 20 imefika baada ya faksi yako. Nimesoma mahali uliposema ulikuwa umeshanikatalia, nikajiuliza, alinikatalia lini? Nikatoa barua zako zote nikazipanga mezani. Mtu wa bima alinywa chai akaondoka hatarudi. Uliniandikia maana yake Februari, na mimi nikaipita.

Nilipofika huku nikiwa na miaka kumi na minane walinicheka nikifungua mdomo. Nikaanza kuyafuta maneno ya nyumbani, moja baada ya jingine, kama ulivyonilipia chuo. Sikujua kwamba na masikio yanafutika.

Karatasi zangu hazina nembo kwa sababu sina ofisi tangu Desemba. Nilifikisha umri wa kustaafu, wakanipa shada la maua na hotuba. Ritani yako ndiyo pekee iliyo mezani kwangu. Nilitaka uione imekamilika kwanza, ndipo nikuambie.

Sasa naomba jambo moja, na safari hii naomba jibu ambalo hata mtu wa Tokyo atalielewa. Niruhusu tubane hata kama mashine imekwenda, na fedha hiyo usiifanyie kitu kingine chochote. Katika mwaka ambao riba inapanda, benki zinakuwa na mkono mzito. Aliye na milioni themanini mkononi, bila kumwomba mtu, ana mlango ambao wenzake hawana. Sijui mlango huo uko wapi. Najua tu kwamba ukilipa kodi sasa utafungika.

Tadaoki


Kwa faksi. Yao, Aprili 22, 2025

Ndiyo. N-d-i-y-o.

Na ungeniambia Desemba, mjinga wewe. Unakula nini huko?

Fusae


Yao, Mei 15, 2025

Tadaoki, mdogo wangu,

Hii siiandiki kwenye faksi. Hii nataka uipasue bahasha mwenyewe.

Jana ulikuwa mkutano wa mwaka wa chama chetu cha watengeneza skrubu. Hotuba, bia ya uvuguvugu, na sanduku la chakula lenye kamba mmoja kwa kila mtu. Nani ameketi karibu yangu? Mke wa Ubukata. Wao asili yao ni Akita, kaskazini kule. Wameishi Sakai miaka ishirini, wanatengeneza skrubu nzuri sana, lakini masikio yao bado hayajahama.

Nikamuuliza kwa adabu, "Ile mashine inakuja lini?"

"Tukishapata mkopo," akasema. "Mume wangu ana furaha sana. Mwezi uliopita benki walimwambia watalifikiria. Tena walisema watalifikiria kwa makini."

Tadaoki, kamba alinikwama kooni. Kwa makini. Hapana yenyewe ina miguu miwili, hiyo waliipa na fimbo ya kutembelea.

Nikamuuliza, "Aliyesema ni mtu wa wapi?"

"Meneja wa tawi. Mzaliwa wa Semba."

Katikati kabisa ya Osaka, kwa wafanyabiashara wa tangu enzi za samurai. Nikanywa bia yangu yote. Unanijua, mimi si mtakatifu, ningeweza kunyamaza nikaenda kwa Nishiwaki alfajiri. Lakini nilimwona anavyomtazama mumewe, ameketi meza ya mbele anachekacheka, ameingoja benki mwezi mzima. Nikakukumbuka wewe na pumzi yako.

Nikamwambia, "Mama, nisikilize, na usinichukie. Hiyo ni hapana."

Akaacha kutafuna. "Lakini walisema kwa makini."

"Hiyo ni hapana iliyovaa tai."

Akaweka vijiti vyake chini. Kisha akasema, polepole, "Basi na yule mnunuzi wa Amagasaki..." nikatikisa kichwa. "Na mama mkwe wa binti yetu, kuhusu Krismasi?" Nikamshika mkono. Miaka ishirini, Tadaoki. Akaanza kucheka, akacheka mpaka mumewe akageuka, na machozi yakawa yanamtoka, sijui ya lipi.

Leo asubuhi Ubukata mwenyewe alikwenda kwa meneja, akauliza kwa lugha ya Akita, ndiyo au siyo. Meneja, masikini, alipauka, akasema siyo. Saa tano Ubukata na mimi tulikuwa kwa Nishiwaki, tumekaa bega kwa bega. Ubukata akaiachia mashine kwa mdomo wake, na heshima ya Nishiwaki ikapona. Nikafungua mkoba. Milioni sabini na nane, hakuna mkopo, hakuna kungoja, hakuna mtu wa kulifikiria. Nishiwaki akaitazama hati ya benki kama picha ya mjukuu. Akasema, "Mama Inui, mwaka huu kila anayeingia hapa anangoja benki. Wewe umeitoa wapi?" Nikamwambia imelala Yao, chini ya duka la tofu.

Usidhani Ubukata ametoka mikono mitupu. Kila skrubu ya mfupa inataka kuoshwa na kukaguliwa, na mimi sina watu wa kazi hiyo, yeye anao. Tumekubaliana bei. Nilimwambia bei yangu, akajibu, "Nitalifikiria." Tukatazamana wote watatu. Akasema haraka, "Hapana, hapana, namaanisha ndiyo," na Nishiwaki akaenda kusimama dirishani ili acheke vizuri.

Mashine inashushwa Julai. Mlango ulikuwepo, Tadaoki. Wewe hukujua uko wapi na mimi sikujua nina ufunguo.

Sasa la mwisho. Meza ya mzee Nukada nimehama nayo, sikuweza kuitupa. Iko dirishani, haina mtu. Watu wa chama wameniuliza jana, wanne kwa hesabu yangu, ni nani aliyenibania kodi, maana nao wameuza viwanja na nao wanasikia riba inatembea na hawajui walipe au wangoje. Kuna chumba juu ya banda, kina jua asubuhi. Mshahara nitakuumiza, unanijua. Utaongea upya kama ulivyozaliwa, nitakufundisha mimi, na karani ataongeza matusi.

Ukinijibu kwamba utalifikiria, andika na jina la mji.

Dada yako,
Fusae


Kwa faksi. Mei 30, 2025

Dada,

Ritani imepokelewa asubuhi ya leo, ile iliyobana. Themanini zimelala ndani ya ardhi, hazikoromi.

Kuhusu meza ya mzee Nukada, nitalifikiria.

Mji: Tokyo.

Ila faksi hii naituma kutoka dukani, stesheni ya Shin-Osaka, na nina masanduku mawili na mwavuli. Mengine piga hesabu mwenyewe.

Tadaoki